Uzito wa Shemeji

Mimi sikusomea wanyama. Nilisomea kupanga vitu, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa mtunza vielelezo wa mahakama yetu. Kwa asiyeijua kazi hiyo, ni hivi: polisi wakimkamata mtu na kitu, mtu anapelekwa rumande na kitu kinaletwa kwangu. Mtu anaweza kupata dhamana. Kitu hakipati. Kinakaa stoo mpaka kesi iishe, na kesi zetu zina tabia ya kutotaka kuisha. Nina baiskeli ambazo wezi wake sasa hivi wana wajukuu. Nina seti ya meno ya bandia ambayo mwenyewe alishinda kesi akaenda zake bila kuyachukua, na mpaka leo sijui anatafunia nini.

Mahakamani wananiita Bwana Vitu. Jina silipendi ila nimelizoea. Kitu kikiingia kwangu kinaandikwa kwenye daftari, kinabandikwa lebo, na lebo hiyo haibanduki hata kama jengo litaungua. Kikitoka, anayekitoa anasaini. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kupoteza hata kifungo cha shati. Najisifu, ndiyo. Kwani nikingoja nisifiwe na hakimu nitangoja mpaka lini?

Basi asubuhi moja wakaniletea kobe.

Alikuja ndani ya kikapu, kabebwa na ofisa wa wanyamapori mwenye viatu vinavyong'aa. "Kobe mmoja, hai, kilo tatu na nusu," akasema. "Saini hapa."

"Hai?" nikauliza. "Mimi napokea vitu."

"Mahakamani hiki ni kitu. Saini, mzee, gari linanisubiri."

Nikasaini. Nikamwekea lebo ya karatasi mgongoni, akaenda kujisugua kwenye mguu wa meza mpaka ikatoka. Nikaweka nyingine, nayo akaitoa. Mwisho hasira zikanipanda, nikachukua rangi nyeupe na kuandika juu ya gamba lake: KIELELEZO NA. 1. Alirudisha kichwa ndani na hakukitoa mpaka saa ya chakula cha mchana. Nilijihisi mjinga kidogo, lakini utaratibu ni utaratibu.

Mwenye kobe alikuwa fundi saa. Mjane, miaka sitini na nne wakati ule, mtu mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwaka. Siku ya kwanza ya kesi, kabla ya kuitwa kizimbani, alikuja kusimama mlangoni kwangu na kofia mkononi.

"Samahani, ndugu yangu," akasema. "Naomba kumsalimia shemeji."

Nikatazama nyuma yangu nione shemeji yupi. Akacheka, akanieleza. Kobe yule alikuja na marehemu mke wake siku ya harusi yao, miaka thelathini na tisa nyuma, kutoka nyumbani kwa wakwe. "Ndugu zake wengine wote walinikataa," Fundi akasema. "Huyu peke yake ndiye alikubali kuhamia kwangu. Sasa nimwite nani kama si Shemeji?" Kisha akaiona rangi nyeupe mgongoni mwa mnyama, tabasamu likamfifia. "Umemwandika namba kama gari," akasema taratibu. Nilijifanya natafuta kalamu.

Sasa sikiliza jinsi alivyokamatwa, maana ndipo nilipoanza kuumwa na kesi hii. Redio ilitangaza kwamba kila mwananchi mwenye mnyama anayelindwa na sheria afike ofisi ya wanyamapori kuomba kibali. Wenye akili walizima redio. Fundi alivaa koti, akamfuta Shemeji vumbi kwa kitambaa kile anachofutia vioo vya saa, akamtia kikapuni na kwenda kupanga foleni. Alipanga kwa saa mbili. Alipofika dirisha namba tatu, ofisa wa viatu vya kung'aa akamuuliza:

"Una kibali cha kummiliki huyu?"

"Ndicho nilichofuata, baba."

"Kwa hiyo huna."

"Sina, ndiyo maana nimekuja."

"Basi uko chini ya ulinzi."

Hayo si maneno ya kuambiwa. Yamo kwenye jalada, yameandikwa na ofisa mwenyewe, kwa fahari. Hati ya mashtaka inasema mshtakiwa alikutwa na mnyama "katika dirisha namba tatu la ofisi ya wanyamapori, akiwa kwenye foleni." Nasikia ofisa alipewa cheti cha utendaji bora mwaka ule, na picha yake ikatundikwa kando ya dirisha hilohilo.

Ungedhani kesi ya namna hii itaisha kwa wiki moja. Ilichukua miaka mitatu. Mara shahidi yuko semina, mara hakimu yuko likizo, mara umeme hakuna, na siku umeme ulipokuwepo, jalada halikuonekana. Kila safari kesi ilipigwa kalenda, na kila safari mimi nilimbeba Shemeji ndani ya beseni mpaka mbele ya hakimu, kwa sababu kielelezo lazima kionekane, kisha nikamrudisha. Nililaani kalenda zile kwa sauti, kwenye korido, mbele ya yeyote aliyenisikia. Kama kuna mtu alinichukia mahakamani, ni yule karani wa tarehe.

Fundi hakukosa hata siku moja. Alikuwa nje kwa dhamana, na alifika saa nzima kabla ya wakati, na majani mfukoni mwa koti. Alichuchumaa mlangoni pa stoo akimlisha mnyama na kumpa habari za mtaani, nani kahama, nani kaoa, saa ya nani imekufa kabisa. Nilipaswa kumfukuza. Mshtakiwa haruhusiwi kugusa kielelezo. Nilikuwa nageuka kupanga rafu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Na sasa niseme kosa langu, kwa sababu bila hilo hakuna hadithi.

Ijumaa ya kwanza nilimfungia Shemeji stoo, nikaenda nyumbani. Jumatatu nilimkuta kanywea, macho yameingia ndani, na ametafuna kona nzima ya wosia wa kughushi. Wosia ule ulikuwa kielelezo cha watu, kesi nzito ya ndugu saba, na kona aliyoila ndiyo iliyokuwa na saini. Ijumaa iliyofuata nikamtia kwenye kikapu na kwenda naye kwangu. Kwa usalama wa nyaraka, nilijiambia. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi kitu kilitoka stoo bila kuandikwa, kwa sababu daftari lina safu ya jina la anayekitoa na safu ya sababu, na ile safu ya pili sikujua niijaze vipi.

Mke wangu alimtazama mara moja tu. Watoto wetu wameshaoa na kuolewa, nyumba imekuwa kubwa kuliko ilivyojengwa. "Maskini, amekonda hivi," akasema. "Kwani huko mahakamani hamli?" Akaenda jikoni. Tangu siku hiyo nilisahaulika. Kabichi nzuri ilikuwa ya Shemeji, mimi niliachiwa kile kishina. Maganda ya papai, majani ya maboga, nyanya zilizoiva, vyote vilipita mbele ya pua yangu kwenda sakafuni. "Afadhali huyu," mke wangu alisema, "akila, mtu unaona amekula." Ijumaa mpaka Jumatatu zikawa Alhamisi mpaka Jumanne. Mwaka wa pili Shemeji alikuwa anakuja kazini siku za kesi tu, kama baadhi ya maofisa ninaowajua.

Alinenepa. Nani asingenenepa? Mimi niliona mikononi, beseni likizidi kuwa zito ngazi hadi ngazi, na nikafurahi kama mjinga.

Mwaka wa tatu, hatimaye, hakimu alisoma hukumu. Hakimu wetu si mtu mbaya. Anavaa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu, na siku ile alisoma bila kubadilisha. Mshtakiwa amekiri kuwa na mnyama, hana kibali, sheria haina mlango wa huruma hapo: ana hatia. Adhabu itatolewa baada ya wiki moja. Sote tulijua itakuwa onyo. Fundi mwenyewe aliniuliza kama onyo linatolewa kwa maandishi, maana angependa kulitunza.

Lakini tulimsahau mwendesha mashtaka. Huyu ni dada mmoja makini, kijana, tunamwita Bi Kifungu kwa sababu hasemi "habari za asubuhi" kabla ya kutaja kifungu cha sheria. Siku ya adhabu alisimama na karatasi mpya mkononi.

"Mheshimiwa, kuna jedwali la adhabu lililoanza kutumika. Mnyama wa chini ya kilo tano, mahakama inaamua yenyewe, hata onyo linatosha. Mnyama wa kilo tano na zaidi, kifungo kisichopungua miaka kumi."

"Huyu ni kilo tatu na nusu," hakimu akasema. "Imo kwenye hati."

"Hiyo ilikadiriwa kwa macho, Mheshimiwa. Naomba apimwe hapahapa mahakamani."

Aliyeliandika jedwali lile sijui alikuwa anawaza nini. Nadhani aliwaza tembo, kisha akaona ni ubaguzi kuwaacha wengine. Mimi nilikuwa nimesimama kando, beseni mikononi, na mikono yangu ilijua jibu kabla ya mizani. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

"Bwana Vitu," hakimu akasema, "stoo kwako mizani ipo?"

Ilikuwepo. Zilikuwepo tatu. Na hapa, mimi ambaye sijawahi kudanganya hata kwenye ruhusa ya ugonjwa, nilifanya uamuzi ndani ya ngazi kumi na nne za kwenda stoo. Rafu ya juu kulikuwa na mizani ya mnunuzi mmoja wa chuma chakavu, aliyefungwa mwaka uliopita kwa kuichezea. Mizani ile ilikuwa inawaibia watu robo ya kila walichouza. Hesabu nikaipiga haraka: ukimwibia Shemeji robo, anabaki kilo nne na kidogo. Nikaichukua. Mwizi mmoja angalau amsaidie mtu.

Niliitundika kwenye ndoano ya dirisha, nikamweka Shemeji ndani ya kikapu chake, sindano ikapanda ikasimama kwenye nne na alama moja. Bi Kifungu akainama, akasoma, akaandika. Fundi hakuelewa kinachoendelea, alikuwa anampungia Shemeji vidole. Mimi nikaanza kupumua.

"Ngoja," hakimu akasema. Akabadilisha miwani. "Hiyo karatasi inayoning'inia hapo imeandikwa nini?"

Lebo. Lebo yangu mwenyewe. Mwizi yeyote angeitoa kwanza, hata mtoto angeitoa, lakini mimi sijawahi kubandua lebo ya kielelezo maishani mwangu na hata wazo halikunijia. Ilining'inia pale kwa uzi safi, kwa mwandiko wangu mzuri wa herufi kubwa: KIELELEZO NA. 2, MIZANI ILIYOCHEZEWA.

Chumba kizima kilivunjika mbavu. Hakimu hakucheka. Alimtuma askari wa mahakama zahanati iliyo ng'ambo ya barabara akaazime mizani.

Muuguzi alikuja nayo mwenyewe, hakuiamini mikono ya watu. Ilikuwa ile mizani ya kupimia watoto wachanga, yenye kisuruali cha kitambaa cha kupitishia miguu. Alimvalisha Shemeji kile kisuruali kwa ustadi, miguu miwili huku, miwili akaikunja ndani, akamtundika. Shemeji alikojoa juu ya faili la Bi Kifungu. Sindano ikasimama.

"Kilo tano na alama nne," muuguzi akasema. Kisha kwa mazoea tu, bila nia mbaya: "Anaendelea vizuri. Mama yake aendelee kumlisha hivyohivyo."

Fundi akatabasamu. Uso wake wote uliwaka. "Amenenepa," akasema kwa furaha, akageuka kuniangalia mimi, kama baba anayemwangalia mwalimu siku ya matokeo. Mimi nikaangalia sakafu. Ilimchukua kama dakika nzima kuunganisha mambo: kilo tano, jedwali, kumi. Niliona tabasamu likimtoka kidogo kidogo, na sitaki kuliona tena jambo kama lile.

"Una la kusema kabla ya adhabu?" hakimu akamuuliza.

Fundi alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, nina miaka sitini na saba. Hiyo kumi mnayoniomba, sina hakika kama ninayo."

Hakimu akachukua kalamu. Najua kalamu ile. Ikishashuka kwenye karatasi hakuna wa kuinyanyua, hata yeye mwenyewe.

Mtunza vielelezo hasemi mahakamani mpaka aulizwe. Ni kama meza, yupo tu. Nilimtazama Fundi, nikayafikiria majani yale mfukoni mwa koti, miaka mitatu. Nikafikiria miezi minne iliyobaki nistaafu, na sherehe ndogo ambayo karani wa tarehe, pamoja na chuki zake, alikuwa ameshaanza kuipanga.

"Mheshimiwa," nikasema, "huo uzito si wake."

Kalamu ikasimama hewani. "Ni wa nani?"

"Ni wangu."

Watu wakalitazama tumbo langu na kucheka tena. Nikawaacha wamalize. Kisha nikasema yote: wosia, kikapu, kabichi, mke wangu, Alhamisi mpaka Jumanne. Nilisema kobe aliyekamatwa dirisha namba tatu alikuwa wa kilo tatu na nusu, tena za huzuni, na kwamba kilo moja na alama tisa zilizozidi zimetengenezwa jikoni kwangu, na mshtakiwa hana hata gramu moja ndani yake. Daftari likaletwa. Hakimu akalipekua ukurasa kwa ukurasa akitafuta mahali nilipoandika kwamba nimemtoa. Miaka ishirini na sita ya mwandiko mzuri, na palipotakiwa maneno hapana kitu. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Bi Kifungu alisimama polepole. Sidhani alifurahia, yule dada. Lakini kazi ni kazi.

"Mzee," akaniuliza, "wakati huo wote una mnyama huyu nyumbani kwako, ulikuwa na kibali cha kummiliki?"

Fundi alipoulizwa swali hilo, angalau alikuwa na la kujibu. Mimi nilisema, "Hapana."

Hakimu aliandika kwa robo saa. Akaamua kwamba uzito unaohesabiwa ni ule wa siku mtu anapokutwa na mnyama, si vinginevyo. Fundi: kilo tatu na nusu, onyo, aende nyumbani. Mimi: nimekutwa leo, mahakamani, kwa kinywa changu mwenyewe. Na leo kilo ni tano na alama nne, shahidi muuguzi wa zahanati, mizani yake haina doa. Kwa maneno mengine nilikuwa nimeingia kwenye jedwali kwa mlango uleule niliomtolea Fundi, tena nikiwa nimeufungua mwenyewe. Askari aliyenishika mkono alikuwa yule ninayekunywa naye chai. "Samahani, Bwana Vitu," akaninong'oneza, "unipe na funguo za stoo."

Nilitoka kwa dhamana kesho yake. Nimesimamishwa kazi, na kiinua mgongo changu kimesimama pamoja nami mpaka kesi iishe. Mke wangu alinifungulia mlango, akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Kweli wewe ni wa kwenda jela kwa ajili ya kabichi?" akasema. Kisha akakaa kwenye kiti akalia, na mimi nikakaa karibu naye, na sakafuni hapakuwa na mtu.

Shemeji sasa alikuwa kielelezo namba moja kwa mara ya pili, rangi ya kwanza haijafutika. Mtunza mpya wa stoo, mwanamama mwenye msimamo, alikataa katakata kumpokea: amesoma kanuni, kanuni haitaji vitu vinavyokula. Ofisi ya wanyamapori ikaandika barua kwamba uzio wao umeanguka na bado wanasubiri mbao. Hakimu akabaki na mnyama juu ya meza yake. Na nadhani ndipo alipovaa ile miwani ya kutazamia watu. Aliagiza kielelezo kitunzwe na "mtu mwenye uzoefu na mnyama wa aina hii, asiyeshtakiwa katika shauri hili, na apewe kibali cha maandishi." Mtu wa namna hiyo mjini kwetu ni mmoja tu.

Hivyo Fundi akavaa koti, akaenda tena dirisha namba tatu. Ofisa wa viatu vya kung'aa, akiwa chini ya picha yake mwenyewe, akamgongea muhuri bila kuinua macho. Kibali hicho sasa kiko ndani ya fremu, ukutani, katikati ya saa zake. Nimekisoma mara nyingi. Kinasema anaruhusiwa kummiliki kobe mmoja hai mpaka shauri dhidi yangu litakapomalizika, na likimalizika, kwa namna yoyote, mnyama atachukuliwa na kupelekwa hifadhi ya serikali, mwendo wa siku mbili kutoka hapa.

Kwa namna yoyote. Nilirudia kuyasoma maneno hayo mpaka nikayaelewa.

Siku ya kesi yangu ilipofika, wakili wangu, ambaye ni mpwa wangu na hanitozi, alinivuta korido akiwa anachekelea. "Mjomba, tunashinda. Leoleo! Wewe ni mtumishi wa mahakama, ulichoshika uliishikia mahakama. Mwenye mnyama ni mahakama yenyewe. Waishtaki mahakama! Nipe nusu saa tu, jioni unakunywa chai kwako, wiki ijayo kiinua mgongo mkononi."

Nikamwamini. Kijana ana kichwa. Tukaingia. Ofisa yupo, muuguzi yupo na mizani yake mapajani, Bi Kifungu faili jipya, umeme unawaka, jalada limeonekana. Sijawahi kuona mahakama yetu ikiwa tayari namna ile. Na benchi la nyuma alikaa Fundi, na kando yake mke wangu, na kati yao beseni, na ndani ya beseni Shemeji ametoa kichwa, anatafuna. Mke wangu huenda kwa Fundi kila Ijumaa na majani. Husema anaenda kurekebisha saa. Hatuna saa.

Fundi hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anamtazama Shemeji, kama watu wanavyotazamana stendi, mizigo imeshapakiwa.

"Upande wa utetezi uko tayari?" hakimu akauliza.

Mpwa wangu akainuka, kifua mbele. Nikamshika koti, nikamrudisha kitini, nikainuka mimi.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba kesi iahirishwe."

Karani wa tarehe aliangusha kalamu.

"Sababu?"

"Shahidi wangu hajafika. Yuko njiani, lakini mwendo wake si wa haraka."

Hakimu akabadilisha miwani. Akanitazama mimi, akalitazama benchi la nyuma, akalitazama beseni. Tulisikia kabichi ikitafunwa.

"Mwendesha mashtaka?"

Bi Kifungu alifungua faili lake, akalifunga. "Sina pingamizi, Mheshimiwa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutaja kifungu.

Tukapewa tarehe ya mbali, miezi mitatu. Nje, mpwa wangu alinisemesha kwa ukali kama mimi ndiye mtoto, kwamba miaka kumi bado iko juu ya kichwa changu, kwamba hakimu anaweza kuhamishwa, akaja mwingine asiye na miwani miwili. Yote ni kweli na yote yananinyima usingizi. Fundi alisubiri amalize, kisha akasogea na beseni.

"Bwana Vitu," akasema, "wanasema hawa huishi mpaka miaka mia."

"Nimesikia."

"Sasa tutaahirisha mpaka lini?"

Nikamwambia tuanze na hiyo miezi mitatu. Akatoa kidaftari kwenye koti, akaandika tarehe, akanipa nisaini.